Kugandua, si "Kutekeleza Uondoaji wa Lehemu"

Mswada wangu wa kitabu cha mafundi redio umerudi ukiwa umejaa wino mwekundu. Kila nilipoandika "kugandua", mtu ambaye nashuku hajawahi kushika chuma cha kulehemu amekata na kuandika "kutekeleza uondoaji wa lehemu". Eti ndivyo ilivyopitishwa kikaoni.

Na lehemu yenyewe sina ugomvi. Imetoka Kiarabu, kwenye mzizi l-h-m uliozaa pia lahm, yaani nyama. Hata jeraha likifunga, Mwarabu hulisema kwa kitenzi cha mzizi huohuo. Bethlehemu, ambayo kwa Kiebrania ni "nyumba ya mkate", kwa Kiarabu husomeka "nyumba ya nyama". Kulehemu, basi, ni kuunga nyama kwa nyama.

Kinyume chake ndicho kilichowashinda. Yupo mwenzetu aliyependekeza "kulehemua", kwa hoja kwamba tuna ziba na zibua, tega na tegua. Lakini kiambishi hicho cha kutendua hakikai kwenye vitenzi vya kukopa: nani amewahi "kusajilua" jina? "Kuondoa" nako kumelegea mno. Hata anayekwangua kwa kisu ameondoa. "Kuyeyusha" ni nusu ya kazi, kwani lehemu ya bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na ukizubaa huganda palepale.

Gandua hubeba yote mawili: kulegeza kilichoganda na kukinasua. Wanasema linanuka zizi, ni neno la kupe. Hasa! Kupe aking'olewa kwa pupa huacha mdomo ndani ya ngozi. Kijenzi kikivutwa kabla lehemu haijalegea hung'oka na shaba ya bodi.

Kazi yenyewe mnaijua: chomoa umeme, toa chaji ya kapasita, vaa miwani, fungua dirisha moshi wa flaksi utoke, ongeza lehemu mbichi kidogo ili ile kuukuu ilegee upesi, fyonza, kisha nawa mikono kabla ya kula, maana risasi ni sumu.

Na lile bomba dogo la springi wameliita "kifaa cha kuondolea lehemu kwa kufyonza". Mimi naliita kigandulio. Fundi aliyeshika chuma cha moto mkono mmoja na bodi mkono wa pili, akimwagiza mwanagenzi wake, ana pumzi ya kutamka hilo tu.