Amplifaya ya Mjomba, au Kwa Nini Muziki wa Gari Huzimika Saa Moja Jioni

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu. Ana matatu, ile ya abiria 14, inayokwenda Mtwapa na kurudi mjini Mombasa. "Mpwa wangu, wewe si umesomea kompyuta? Njoo uniangalizie hii amplifaya, inaniua." Nikamweleza kwamba mimi kazi yangu ni kuandika programu, mambo ya amplifaya yana mafundi wake. Akanijibu kwamba mafundi watatu wameshapita na wote wamesema neno moja: nunua nyingine. Shilingi 38,000. Pesa hizo hakuwa nazo, na alikuwa ameshazungumza na chama chake apewe mkopo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Mchana kutwa muziki ulipiga vizuri, isipokuwa mlio mwembamba kama wa mbu uliopanda kila dereva alipokanyaga mafuta. Lakini ikifika saa moja jioni, taa zimewashwa na gari limesimama stejini, amplifaya inazimika na kitaa chekundu kinawaka. Baada ya dakika moja hivi inarudi, besi inagonga mara mbili tatu, inazimika tena. Na saa moja jioni ndiyo saa ya vijana wanaotoka kazini na vyuoni, ambao huchagua gari kwa masikio. Makanga aliniambia wanakuja mpaka mlangoni, wanasikia kimya, wanapanda gari la nyuma.

Programu ya zamani ikinisumbua, na aliyeiandika hayupo, huwa naanza kwa kusoma historia yake: nani aliongeza nini, mwaka gani, na alikuwa anakwepa tatizo lipi. Basi kabla ya kushika bisibisi nikafanya vivyo hivyo kwa muziki wa magari. Nilichokuta ni kwamba karibu kila ugonjwa wa amplifaya ya leo ni deni la uamuzi uliofanywa zamani.

Tuanze Chicago, Marekani, mwaka 1930. Paul Galvin alikuwa na kampuni ndogo, Galvin Manufacturing Corporation, iliyoanza mwaka 1928 kwa kutengeneza vifaa vya kuwezesha redio za betri zitumie umeme wa nyumbani. Uchumi ulipoanguka biashara ikayumba, akageukia redio ya gari. Mwezi wa sita mwaka 1930 aliendesha gari lake lenye redio mpaka Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na kibanda ndani ya maonyesho. Akaliegesha gari nje, akafungua sauti ili wapita njia wasikie. Mjomba nilipomsimulia hapa alicheka sana, maana hiyo ni kazi ya makanga kabisa! Redio hiyo iliitwa Motorola, modeli ya 5T71, na bei yake ilikuwa kati ya dola 110 na 130, wakati Ford Model A mpya iliuzwa kwa takriban dola 500. Jina likapendwa hata mwaka 1947 kampuni nzima ikaitwa Motorola.

Shida ya kwanza waliyokutana nayo ilikuwa kelele. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche za plagi, na cheche ni redio. Si fumbo hilo: mitambo ya kwanza ya Marconi ilirusha mawimbi kwa cheche tupu. Kwa hiyo gari lenye plagi nne lilikuwa na vituo vinne vya redio chini ya boneti, vyote vikitangaza kelele. Nayo dainamo ikaongeza ya kwake, kwa sababu brashi zake hurusha cheche zikisugua shaba inayozunguka. Fundi wa mwaka 1930 alilazimika kufunga rezista kwenye plagi na kapasita kwenye dainamo kabla redio haijasikika.

Shida ya pili ilikuwa volti. Magari ya Marekani ya wakati ule mengi yalikuwa na betri ya volti 6, na redio ilitumia valvu, zile taa za kioo, zilizohitaji volti nyingi kuliko hizo, mara nyingi zaidi ya 100. Mwanzoni watu walibeba betri za ziada chini ya sakafu ya gari. Zikiisha unanunua nyingine. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikaja kifaa kinachoitwa vaibreta. Ndani yake mna ulimi wa chuma unaotetemeka zaidi ya mara 100 kwa sekunde, ukikata na kuunganisha umeme wa betri. Umeme uliokatwakatwa hivyo unaweza kupita kwenye transfoma na kupandishwa volti, jambo ambalo umeme wa betri ulionyooka hauwezi. Msomaji, tafadhali kishike kifaa hiki akilini, tutakutana nacho tena. Vaibreta iliunguruma "zzzz" na ndimi zake ziliungua, kwa hiyo ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilishwa redio ikifa.

Miaka ya 1950 ilileta mambo mawili. Kwanza, magari ya Marekani yalihama kutoka volti 6 kwenda 12. Sababu ni hesabu ya darasani: wati ni volti mara ampea, kwa hiyo ukiongeza volti mara mbili, ampea zinapungua nusu kwa kazi ile ile, na waya unapumua. Pili, transista. Ilibuniwa Bell Labs mwezi wa kumi na mbili mwaka 1947, na kufikia mwaka 1955 Chrysler na Philco walikuwa wametangaza redio ya gari yenye transista tupu, ya kuongezewa kwenye Imperial ya mwaka 1956 kwa dola 150. Transista inaridhika na volti 12 zile zile za betri. Vaibreta ikafa, na hakuna aliyeililia.

Ilikufa mapema mno, kama tutakavyoona. Ngoja kwanza nimtaje mtu mmoja. Elmer Wavering alikuwa mmoja wa vijana waliofunga redio za mwanzo za Galvin. Alipanda mpaka akawa rais wa Motorola, na huko alishughulikia kuleta altaneta kwenye magari, mahali pa dainamo. Chrysler iliweka altaneta kwenye Valiant ya mwaka 1960. Altaneta hutoa umeme mwingi hata gari likiwa polepole, lakini umeme wake una mawimbi madogo juu yake, na mawimbi hayo huongeza kasi injini inapoongeza kasi. Mbu wa matatu ya mjomba ni huyo. Mtu aliyeanza kazi kwa kupambana na kelele za dainamo alitusaidia kuibadilisha kwa kelele nyembamba zaidi!

Sasa tuingie kwenye amplifaya yenyewe. Betri ya volti 12, injini ikiwaka, hufika kama 14.4. Ukitumia transista moja kwa moja, hesabu inakupa wati 6 na nusu hivi kwa spika ya omu 4. Ukizipanga kwa mtindo wa daraja, spika ikisukumwa pande zote mbili, unapata kama wati 26. Hapo ndipo ukuta ulipo. Redio ya deshibodi iliyoandikwa "50W x 4" imehesabu sauti iliyopasuka kabisa, si muziki. Kwa habari na taarabu ya polepole wati chache zinatosha. Kwa besi, hapana.

Rockford Fosgate husimulia kwamba mwanzilishi wao, Jim Fosgate, alitengeneza amplifaya yake ya kwanza ya gari mwaka 1973 huko Arizona. (Ndiye huyo huyo aliyebuni Dolby Pro Logic II.) Dawa ya ukuta wa volti 12, kwake na kwa waliomfuata, ilikuwa kupandisha volti kwanza. Kupandisha vipi? Kwa kukata umeme wa betri vipande vipande na kuupitisha kwenye transfoma. Yaani vaibreta imefufuka! Safari hii ulimi wa chuma umeondoka, zimekaa transista zinazokata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na transfoma imekuwa kijipete kidogo kilichoviringishwa waya. Nilipofungua amplifaya ya mjomba nikakuta chipu inayoongoza ukataji huo ni TL494 ya Texas Instruments. Nikacheka peke yangu, maana chipu hiyo nimeikuta mara nyingi kwenye pawa saplai za kompyuta za zamani. Kumbe nilikuwa nyumbani.

Ukishaona kwamba ndani mna vaibreta, ugonjwa wa saa moja jioni unaanza kueleweka. Amplifaya inanyonya ampea nyingi kutoka volti chache, na kila kizuizi kidogo njiani kinakula volti. Kuna sakiti ya ulinzi inayochungulia joto, waya za spika zilizogusana, na volti zinazoingia. Kwa hii ya mjomba, volti zikishuka chini ya 10 hivi, inazima kila kitu na kuwasha kitaa chekundu. Kitaa kile hakisemi amplifaya imekufa. Kinasema imekataa kufa.

Boksi lilikuwa limeandikwa wati 3000. Fyuzi zake ni mbili za ampea 30. Ampea 60 mara volti 13 ni wati 780 zinazoingia, na amplifaya ya mtindo huu wa zamani, klasi AB, hupoteza karibu nusu kwa joto. Zinazotoka ni kama 430. (Tangu mwaka 2003 kuna kipimo cha haki, CEA-2006, kinachotaka wati zipimwe kwa volti 14.4 na spika ya omu 4, lakini boksi hili halikukitaja.)

Nikachukua mita. Mchana, besi imekolea, betri ilisoma 13.9 na vituo vya amplifaya 10.9. Volti 3 zimepotea njiani, lakini bado tuko juu ya 10. Jioni tukarudia, gari limesimama, injini polepole. Taa kubwa mbili za wati 55 peke yake ni ampea 9 hivi, bado zile za urembo, na altaneta ikizunguka polepole haiwezi kuzifidia. Betri 12.9. Amplifaya 9.9. Kitaa chekundu. Makanga akapiga makofi, akidhani nimeitengeneza, kumbe ndiyo kwanza nimejua inapouma.

Zilipotelea wapi volti 3? Mita iligawa hivi: 1.6 kwenye waya mwekundu, 1.4 kwenye waya mweusi. Waya mwekundu ulikuwa mnene kwa macho, lakini tulipoukata tukakuta mpira mwingi na chuma cha milimita 4 za mraba tu, tena si shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwa mita 5 na ampea 50, shaba halisi ya unene huo ingekula volti 1.1, na shaba ya milimita 21 za mraba ingekula 0.2. Waya mweusi ulikuwa umefungwa kwenye bodi kwa bolti ya kiti, juu ya rangi. Ongeza miaka mitatu ya hewa ya chumvi ya Mombasa, ukipata kutu usishangae.

Bolti hiyo ndiyo iliyomleta mbu pia. Redio na amplifaya zimeunganishwa na kebo ya muziki, na ngozi ya nje ya kebo hiyo ni hasi. Kama hasi ya amplifaya iko juu ya volti kidogo kuliko hasi ya redio, umeme wa altaneta hupita kwenye ngozi ya kebo na kuingia muzikini. Kutumia bodi ya gari kama waya wa kurudia ni uamuzi wa zamani sana wa kuokoa shaba, na magari mengi ya Uingereza mpaka miaka ya 1960 yalifunga chanya kwenye bodi badala ya hasi. Ukikuta Morris ya babu, usiifungie redio kabla ya kuuliza.

Tulipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga upya, tukapaka grisi. Tukaweka waya wa shaba mnene, na fyuzi karibu na betri, ambayo haikuwepo kabisa! Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Waya ule ulipita chini ya zulia, chini ya miguu ya abiria, na kama ungechubuka na kugusa bodi, hakuna kitu kingeukata. Vyote vilituchukua Jumamosi moja na pesa chini ya shilingi 5,000. Jioni ile amplifaya ilisoma 12.3 na haikuzimika.

Zipo amplifaya za klasi D ambazo hupoteza umeme kidogo zaidi. Wazo lake si jipya: Clive Sinclair, yule wa kompyuta ya ZX Spectrum, aliuza moja ya kujiungia mwaka 1964, X-10, ikampa wateja wengi wenye hasira kwa sababu transista za siku hizo hazikuweza kasi iliyotakiwa. Na watengenezaji wa magari nao wamechoka na volti 12. Tesla Cybertruck iliyoanza kufikishwa kwa wanunuzi mwaka 2023 ina mfumo wa volti 48 kwa vifaa vyake vya ndani. Mtwapa bado tuko na 12.

Mkopo wa chama mjomba hakuuchukua. Mbu ametoweka, isipokuwa ukizima muziki na kuweka sikio kwenye spika. Juzi amenipigia tena, safari hii anataka kuongeza wufa ya pili. Altaneta yake imeandikwa ampea 70. Nimemwambia mjomba, nakuja Jumapili, lakini kwanza tukae chini tuhesabu.