Wito Si wa Wachungaji Peke Yao: Fundisho la Luther Juu ya Kazi na Vijana wa Kanisa Letu

Utangulizi

Katika sharika zetu neno "wito" limekuwa finyu. Tukisema kwamba kijana fulani ana wito, kila msikilizaji huelewa kwamba anataka kuwa mchungaji, mwinjilisti au shemasi. Hatusemi hivyo juu ya seremala, muuguzi au mwenye shamba la migomba. Neno "kazi" nalo limepatwa na upungufu wa namna hiyo hiyo. Kijana anayeamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe na kupalilia kahawa ya wazazi wake, akiulizwa habari zake, hujibu kwamba hana kazi, yupo tu nyumbani.

Upungufu huu wa maneno umezaa upungufu wa mafundisho. Kijana aliyemaliza shule akakosa ajira hudhani kwamba Mungu hajamwita. Mwingine hubisha hodi katika chuo cha theolojia kwa kuwa milango mingine imefungwa, naye huuita mlango huo wito. Mchungaji anayewapokea wote wawili atawajibu nini? Katika makala hii tunakusudia kurudi kwenye historia ya Matengenezo ya Kanisa, tuone ni urithi gani tulioachiwa juu ya jambo hili, na ni kasoro gani zilizomo katika urithi huo.

1. Mwanafunzi wa sheria na nadhiri yake

Martin Luther mwenyewe alikuwa kijana aliyesumbuliwa na swali la kazi. Baba yake, Hans, aliyefanya kazi katika machimbo ya shaba ya Mansfeld, alimsomesha kwa gharama kubwa katika Chuo Kikuu cha Erfurt akitumaini kwamba mwanawe atakuwa mwanasheria. Mwezi wa Julai 1505, Luther akiwa na umri wa miaka 21, radi ilimpiga kishindo karibu na kijiji cha Stotternheim. Kwa hofu ya kifo alimwita Mtakatifu Anna na kuweka nadhiri ya kuwa mtawa. Wiki mbili baadaye aliingia katika nyumba ya watawa Waagostino mjini Erfurt. Baba yake alikasirika sana, na mwaka 1507, Luther alipoadhimisha misa yake ya kwanza, alimkumbusha amri ya kuwaheshimu wazazi.

Miaka 14 na zaidi baada ya misa ile, neno hilo la baba lilikuwa bado halijamtoka moyoni. Mwaka 1521, akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, aliandika kitabu juu ya nadhiri za kitawa akakitabaruku kwa baba yake. Humo alikiri kwamba nadhiri iliyotolewa kwa hofu haikuwa wito wa kweli. Hata hivyo hakusema kwamba miaka ile ilipotea bure, kwa maana Mungu alikuwa ameitumia kwa kusudi lake. Jambo hili linafaa kuzingatiwa na kila anayewasikiliza vijana wakisimulia jinsi walivyoitwa. Ukali wa tukio si ushahidi wa wito. Lakini pia mwanzo wenye kasoro haumzuii Mungu.

Tena tuangalie ni wito gani Luther aliouegemea wakati wa dhiki. Hakuiegemea radi. Aliegemea shahada yake ya udaktari wa theolojia ya mwaka 1512, aliyoitwaa kwa kusukumwa na mkuu wake, Johann von Staupitz, huku yeye mwenyewe akisita. Wengine walimwita, nao walimkabidhi Maandiko. Ndiyo sababu Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 14, linadai kwamba anayefundisha hadharani na kutoa sakramenti awe ameitwa ipasavyo. Wito wa uchungaji haukamiliki moyoni mwa mtu peke yake. Kanisa nalo lazima liite.

2. Neno moja linapanuliwa

Katika karne za kati, wito ulihesabiwa hasa kuwa jambo la watawa na makasisi. Wakristo wengine waliishi maisha halali, lakini ya daraja la chini. Luther aliubomoa ukuta huo kwa fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani. Ikiwa hakuna kazi inayotununulia wokovu, basi kazi ya mtawa haimzidi mfua chuma kwa lolote mbele za Mungu. Matendo mema hayana haja ya kupanda mbinguni. Yanateremka kwa jirani anayeyahitaji. Gustaf Wingren, mwanatheolojia wa Uswidi, alilionyesha jambo hili kwa uwazi katika kitabu chake cha mwaka 1942 juu ya fundisho la Luther kuhusu wito.

Katika kutafsiri kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 11, Luther alitumia neno la Kijerumani Beruf, yaani wito, kwa kazi ya kila siku ya mtu wa kawaida. Katekismo Ndogo ya mwaka 1529 nayo ina orodha ya wajibu wa watu katika hali zao mbalimbali: wazazi na watoto, mabwana na watumishi, watawala na raia, vijana na wajane. Tuone kwamba nyingi za hali hizo si ajira. Mtu anaitwa kama mwana, kama dada, kama jirani, kabla hajaitwa kama mfanyakazi wa mtu yeyote. Kwa hiyo kijana asiye na ajira si mtu asiye na wito. Yule akataye majani alfajiri amesimama ndani ya wito wake, na kwa mikono yake Mungu anawapatia wengine maziwa. Luther alifundisha kwamba kazi za namna hiyo ni vificho ambamo Mungu mwenyewe hujificha akiutunza ulimwengu.

Hata nyumbani mwake fundisho hili lilionekana. Katharina von Bora, aliyetoroka utawani mwaka 1523 na kuolewa na Luther mwaka 1525, aliendesha nyumba yenye wageni na wanafunzi wengi, akalima, akafuga na kupika pombe. Bila kazi yake, kazi ya mumewe ingalikwama.

3. Doa la mwaka 1525

Hata hivyo tusiusifu urithi huu bila kuupima. Mapema mwaka 1525 wakulima wa kusini mwa Ujerumani walitoa madai 12, na mojawapo lilikuwa kukomeshwa kwa utwana, kwa kuwa Kristo amewakomboa watu wote. Luther aliwakemea watawala kwa udhalimu wao, lakini dai hilo alilikataa, akisema kwamba linaugeuza uhuru wa Kikristo kuwa jambo la mwili. Vita vilipopamba moto aliwahimiza watawala wawapige waasi bila huruma. Maelfu mengi ya wakulima waliuawa. Hapo fundisho la wito lilitumika kumwambia mnyonge akae pale alipo.

Lakini Luther huyo huyo, mwaka 1524, aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka wafungue shule za wavulana na wasichana. Mwaka 1530 aliwasihi wazazi wasiwaondoe watoto wao shuleni, akikumbusha kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuomba mkate mlango kwa mlango alipokuwa mwanafunzi, na kwamba mtoto wa mtu wa chini anaweza kufikia utumishi wa juu. Basi kubaki katika wito si lazima kuwe kubaki katika unyonge. Mtume Paulo naye, katika 1 Wakorintho 7, akiwa anawashauri watu wakae katika hali waliyoitwa, anamruhusu mtumwa autumie uhuru akiupata.

4. Swali hilo hilo Kilimanjaro

Mvutano huu ulivuka bahari. Misioni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na mwaka 1912 ilianzisha chuo cha ualimu Marangu. Mwalimu wa siku zile alifundisha kusoma, aliongoza ibada, na alilima shamba lake. Hakuna aliyeweza kutenganisha wito wake na kazi yake. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920, sharika zilibaki mikononi mwa walimu hao, nao walizilinda.

Bruno Gutmann, aliyetumika Old Moshi kuanzia mwaka 1910 hadi 1938, vita vikimkatisha kwa miaka kadhaa, alisisitiza ukoo, ujirani na rika kuwa vifungo ambavyo Mungu amewapa watu. Aliogopa kwamba shule za Kizungu zingemng'oa kijana katika vifungo hivyo. Tunamshukuru kwa kutukumbusha kwamba mtu haitwi peke yake. Lakini vijana wa Kichagga walizitaka shule, na mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha wapanda kahawa ili kutetea haki yao ya kulima zao hilo. Ukoo na uhamaji, shamba na shule, vyote vilidai nafasi katika wito mmoja.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunaona mambo matatu yanayomhusu mchungaji leo. Kwanza, anayebisha hodi chuoni aulizwe kwa upole si tu kwamba amesikia nini, bali pia nani wamemwita na jirani gani anamhitaji. Tukimpokea kwa huruma tu, tutakuwa tumemdhulumu yeye pamoja na usharika atakaopelekwa. Pili, kijana asiye na ajira afundishwe tangu kipaimara kwamba ameitwa tayari kwa ubatizo, na kwamba kazi ya mikono yake nyumbani ni utumishi mbele za Mungu. Tatu, fundisho hilo lisigeuzwe kuwa usingizi. Kumwambia kijana kwamba ameitwa, kisha kunyamaza juu ya mshahara usiolipwa au ardhi aliyonyang'anywa, ni kurudia kosa la mwaka 1525.

Siku tunapombariki mchungaji, usharika mzima husimama. Ingefaa siku nyingine usharika usimame kumwombea fundi anayeanza kazi, muuguzi anayekwenda wodini, na yule aliyebaki nyumbani na wazazi wazee. Labda hapo neno "wito" litarudi kuwa pana katika vinywa vyetu.