pleistesheni

pleistesheni nm [i-/zi-]
1. (huandikwa *PlayStation*) nembo ya mashine za michezo ya video za kampuni ya Sony ya Japani.
2. mashine yoyote ya michezo ya video inayounganishwa na televisheni: *Amenunua pleistesheni ya mtumba Bukoba mjini.*
3. (mazungumzoni) banda ambamo watu hulipia muda wa kucheza michezo hiyo: *Baba yake alimkuta pleistesheni, Kashai.*

Asili. Jina limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza, *play* na *station*. La pili Kiswahili kilikwisha kulitohoa kuwa *stesheni*, ndiyo maana tunapendekeza umbo lenye *-i* ya mwisho kuliko *pleisteshen*. Umbo hilo halimpi taabu msemaji wa Kihaya, kwani maneno ya lugha hiyo nayo huishia kwa irabu. Mkoa wa Kagera hauna reli. Mtoto wa Muleba huenda akaisikia *stesheni* iliyomo ndani ya *pleistesheni* kabla hajaiona stesheni ya garimoshi.

Historia. Mashine hii ilitokana na ushirikiano wa Sony na Nintendo uliovunjika mwaka 1991. Mhandisi Ken Kutaragi aliendelea na mradi, na toleo la kwanza likauzwa Japani tarehe 3 Desemba 1994, kisha Marekani na Ulaya Septemba 1995. Lilitumia diski za CD, zilizokuwa rahisi kutengenezwa kuliko katriji za washindani wake. Toleo la pili, la mwaka 2000, lilisoma DVD, hivyo liliweza kufanya kazi ya deki pia. Ziliuzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani. Matoleo mengine yalifuata mwaka 2006, 2013 na 2020. Vitufe vya kidhibiti chake cha mkononi hutambulishwa kwa pembetatu, duara, msalaba na mraba, alama zisizohitaji kujua lugha yoyote.

Matumizi. Kupanuka kwa maana kutoka (1) hadi (2) si jambo geni. *Sheli* ni kituo chochote cha mafuta, na *bajaji* ni pikipiki yoyote ya abiria yenye magurudumu matatu, hata kama watengenezaji ni wengine. Basi mwalimu anayekuta katika insha sentensi *Jana tulicheza pleistesheni* asiharakishe kuipigia mstari mwekundu. Twasema *kucheza bao*, na bao ni kifaa, tena ni mchezo wenyewe. Mwanafunzi amefuata njia ile ile. Kinachostahili kusahihishwa ni upatanisho: *pleistesheni hizi zimeharibika*, si *\*mapleistesheni haya*.

Kwa mfasiri. Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni nembo. Mlalamikaji akieleza kwamba ameibiwa "pleistesheni mbili", huenda anakusudia maana (2). Katika hati ya kisheria iandikwe *mashine mbili za michezo ya video*, kisha nembo na toleo vitajwe iwapo vimethibitishwa.

Mtego wa pili ni mzito zaidi. Neno la Kiingereza *gaming* lina maana mbili: kucheza michezo ya video, na kucheza kamari. Katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, limetumika kwa maana ya pili. Anayelihamisha bila kutazama muktadha ataliita banda la pleistesheni *ukumbi wa michezo ya kubahatisha*, na kijana aliyelipia dakika kumi za kucheza soka kwenye skrini ataonekana mcheza kamari. Aliyelipia muda wa kucheza hajaweka dau. Andika *banda la michezo ya video*; neno *kubahatisha* litumike pale tu ambapo kuna dau na zawadi inayotegemea bahati.

Taz. pia: bajaji, bao, deki, kamari, sheli, stesheni.