Ufunguo wa gari unapogoma: Tambua kasoro kabla ya kulipia kompyuta mpya

KWA mfanyabiashara wa samaki wa Port Victoria, katika Kaunti ya Busia, gari kukataa kuwaka alfajiri si jambo dogo. Sangara na ngege waliokwisha kupakiwa hawasubiri. Barafu huyeyuka, na wateja wa Kisumu hutafuta bidhaa kwingine. Huenda injini haina ila yoyote. Kilichogoma ni ufunguo, au kifaa cha kuzuia wizi kinachowasiliana nao.

Kifaa hicho, ambacho mafundi hukiita imobilaiza, hakihusiki na milango. Kazi yake ni kuizuia injini isiwake kwa ufunguo usiotambuliwa. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu ndogo isiyotumia betri. Ufunguo unapotiwa mahali pa kuwashia gari, koili iliyozungushwa hapo huipa chipu nguvu kidogo ya umeme, nayo hujibu kwa nambari ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua nambari hiyo, injini huruhusiwa kuwaka. Isipoitambua, injini hugoma hata kama meno ya ufunguo yanaingia sawasawa.

Muungano wa Ulaya ulilazimisha magari mapya yawe na kifaa hicho kuanzia Oktoba 1998, nayo Australia ikafuata 2001. Magari mengi humu nchini huletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na miongoni mwayo yamo yenye kifaa hicho na yasiyo nacho. Kwa kawaida yenye nacho huwa na taa ndogo kwenye dashibodi, yenye mchoro wa ufunguo au kufuli.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha kasoro tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Taa za gari zikififia na stata kulia ‘ta-ta-ta’, betri ya gari ndiyo ya kushukiwa. Remoti isipofungua mlango lakini injini ikawaka, ni betri ndogo ya remoti iliyokwisha, na bei yake ni nafuu. Lakini stata ikizunguka kwa nguvu bila injini kuwaka, au injini ikawaka kwa sekunde moja au mbili kisha ikazima, huku taa ya ufunguo ikimetameta, basi imobilaiza ndiyo ya kuchunguzwa.

Hapo mwenye gari autenge ufunguo na funguo nyingine, hasa za magari, kwani chipu mbili zilizokaribiana zaweza kutatizana. Kisha ajaribu ufunguo wa akiba. Huo ukiwasha gari, kasoro imo katika ufunguo wa kwanza. Yote miwili ikikataa, yaelekea tatizo liko kwenye koili, nyaya au kompyuta. Kwa magari ya kuwashwa kwa kitufe, remoti iliyoishiwa betri husogezwa hadi iguse kitufe hicho, au mahali panapotajwa katika kitabu cha gari, na mara nyingi injini huwaka.

Kosa moja la kawaida hutokea ganda la ufunguo linapovunjika. Mtu hununua ganda jipya, huhamisha chuma na vitufe, kisha hutupa ganda kuukuu pamoja na chipu iliyojificha ndani yake. Ganda la zamani lisitupwe kabla gari halijawaka kwa lile jipya.

Maji nayo ni adui wa kuzingatiwa katika eneo la ziwa na mafuriko ya Mto Nzoia. Ufunguo ukitumbukia majini, betri yake itolewe mara moja, ufunguliwe na kukaushwa kivulini, kamwe si juu ya jiko. Chipu iliyofunikwa vyema huweza kunusurika hata remoti ikiharibika.

Ufunguo mpya hupatikana kwa njia mbili. Fundi aweza kunakili nambari ya chipu ya zamani, au kusajili chipu mpya katika kompyuta ya gari. Njia zote mbili huwa rahisi ukiwapo ufunguo unaofanya kazi. Funguo zote zikipotea, gharama hupanda, na katika baadhi ya magari kompyuta hulazimika kufunguliwa na kupangwa upya. Kwa hivyo aliyenunua gari lenye ufunguo mmoja atengeneze wa pili ule wa kwanza ungali mzima. Ufunguo ulioibwa ufutwe katika kompyuta, na wizi huo uripotiwe kwa polisi.

Lipo pia suluhisho la mkato ambalo hugeuka mtego. Baadhi ya mafundi huificha chipu moja kabisa karibu na koili, ili ufunguo wowote uliochongwa meno uwashe gari. Gari huwaka, lakini ulinzi wake huwa umekwisha. Nchini Marekani, mnamo 2022, wizi wa modeli kadhaa za Hyundai na Kia zisizokuwa na imobilaiza ulienea baada ya video kuonyesha jinsi ya kuziwasha bila ufunguo.

Mwenye gari anayekubali njia hiyo ili awahi soko la siku moja, anaweza kuamka siku nyingine na kukuta gari lenyewe halipo.