Kutoka Allsopps hadi Kutus: historia fupi ya bia chungu

Najua niliahidi kumalizia ile mada ya hifadhidata, lakini wikendi iliyopita nilikwenda Kutus kumwamkia mjomba, na nimerudi na jambo lililonikaa kichwani kuliko hifadhidata yoyote. Kwa hiyo leo hatuandiki programu. Leo ni historia, tena historia ya bia. Wasiokunywa wavumilie, mwisho wake unawahusu nao pia.

Kwa wale wasiopajua, Kutus ni mji wa njia panda katika Kaunti ya Kirinyaga. Ukiwa hapo unaweza kupanda Kerugoya, kwenda Embu, au kuteremka kwa Kagio na Sagana ukashika barabara ya Nairobi. Juu yake ni kahawa, chini yake ni mpunga wa Mwea, na asubuhi ikiwa haina mawingu mlima unauona wote. Mjomba wangu ni mkulima, ana miaka sabini na kitu, na hana haraka.

Nilimpelekea chupa nne za pale ale kutoka kwenye kiwanda kidogo, vile viwanda vya bia vinavyopika kidogo kidogo kwa watu wachache. Akavaa miwani, akaisoma lebo kwa Kiswahili safi kabisa: "Pale... ale." Akaniangalia. "Pale wapi, mwihwa? Na nani ale nini?" :-)

Basi nikamweleza. Hayo ni maneno ya Kiingereza, maana yake ni bia ya rangi hafifu. Inapikwa kwa kimea cha shayiri kilichokaushwa polepole kisiungue, na kutiwa hopsi kwa wingi. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa. Ndiyo yanayoleta uchungu na harufu, tena yanasaidia bia isiharibike upesi. Hamira yake hufanya kazi kwenye joto la juu kidogo, tofauti na lager zetu za kila siku ambazo huchachuka kwenye baridi.

Kisha nikatoa karatasi. Mnanijua, siwezi kufanya jambo bila jedwali. Kuna chama cha Marekani cha waamuzi wa bia, BJCP, kilichoanza mwaka 1985, nacho kina fomu ya alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na jumla ya mambo yote 10. Nikanusa, nikainua glasi kwenye mwanga, nikaonja, nikaandika. Harufu 8, sura 3, ladha 13, mdomoni 4, jumla 6. Alama 34. Kwa fomu ile hiyo ni bia nzuri sana.

Mjomba alionja mara moja, akanyamaza kitambo, akaonja glasi ya pili iliyotoka chupa nyingine. "Hizi si za siku moja," akasema. "Hii ya kwanza inanuka boksi la biskuti." Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya: "Hizo alama zako, nani alizitunga? Na sisi alituuliza?"

Twende polepole, kwa sababu swali ni zuri.

Zamani Uingereza kimea kilikaushwa kwa moto wa kuni au majani makavu, kikatoka cheusi chenye moshi. Walipoanza kutumia makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza kuondoa moshi wake, katika karne ya 17, waliweza kuutawala moto, kimea kikatoka cheupe. Mwanzoni mwa karne ya 18 jina "pale ale" lilikuwa tayari linatumika. Bia hiyo ikasafirishwa hadi India kwa meli za Kampuni ya India Mashariki. Aliyetamba kwanza ni Hodgson wa kiwanda cha Bow, London. Watu wengi hudai kwamba ndiye aliyeibuni kwa ajili ya safari ile. Hapana. Bia ilikuwepo kabla yake. Alichokuwa nacho ni kiwanda kilicho karibu na bandari na moyo wa kuwakopesha manahodha kwa muda mrefu.

Hodgson alipoanza kuwabana wafanyabiashara, mkurugenzi mmoja wa Kampuni ile alimwendea Samuel Allsopp, mpikaji wa mji wa Burton upon Trent, ambaye wakati huo alikuwa amepoteza soko lake la Urusi kwa sababu ya ushuru. Hapo ni 1822. Inasimuliwa kwamba mtu wake wa kimea, Job Goodhead, alipika jaribio la kwanza ndani ya birika la chai. Maji ya Burton yana jasi nyingi, na maji ya namna hiyo huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na safi. Bia ya Burton ikamshinda Hodgson, na jina la Allsopp likazunguka dunia.

Sasa subiri. Allsopp? Allsopps?

Ndiyo. Ile stendi ya Thika Road ambapo makanga hupiga kelele "Allsopps! Allsopps!" na wewe unashuka kwenda Outering. Nimepita pale mara nyingi kuliko nilivyokula ugali, na sikuwahi kujiuliza. Nyumba ile ya Burton ilifilisika ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 1911, ikaungana na Ind Coope mwaka 1934, na baadaye jina likafika kwetu kama kampuni ya Allsopps (East Africa) iliyokuwa na kiwanda Nairobi. Mwaka 1962 kampuni hiyo ikaungana na East African Breweries. Jina lilibaki barabarani, na likabaki pia kwenye chupa ya lager. Yaani nyumba iliyofanya pale ale ijulikane duniani, sisi tuliijua kwa lager na kwa nauli ya matatu.

Nilipomweleza mjomba alicheka hadi akavua miwani. Halafu akaacha kucheka. "Na baba yangu," akasema, "aliruhusiwa kuionja?"

Jibu ni hapana, si kwa muda mrefu. Kiwanda cha kwanza kikubwa, Kenya Breweries, kilianzishwa 1922 na ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao Dowding. George aliuawa na ndovu mwaka 1923, na ndiyo maana kuna Tusker yenye ndovu kwenye lebo. Hadithi hiyo kila mtu anaijua. Isiyotajwa sana ni kwamba Mwafrika alikatazwa na sheria kunywa bia hiyo ya chupa hadi 1947. Miaka 25 kiwanda kiko hapa, watu wa hapa wanafanya kazi ya hapa, lakini hukumu ya ladha si yao.

Na haikuwa kwamba hawakujua kuonja. Guka wangu alikuwa fundi wa muratina. Matunda yale marefu ya mti wa mũratina hukaushwa na kutiwa kwenye asali au maji ya miwa pamoja na maji. Hamira hukaa ndani ya nyuzi za tunda, kwa hiyo tunda likishatumika huanikwa juani na kuhifadhiwa kwa upishi ujao. (Watu wa kompyuta, mmeona? Nakala rudufu. Ukilipoteza tunda zuri umepoteza kila kitu.) Pombe hiyo haikuwa ya kila mtu wala ya kila siku. Ilikuwa ya wazee, ya ruracio, ya kusuluhisha kesi. Tone la kwanza lilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Na kabla wazee hawajanywa, mjomba anasema, guka alikitegea kibuyu sikio, akanusa, akaonja kidogo, ndipo akatoa hukumu mbele ya wote. Ikiwa mbaya, aliyeipika alijulikana kwa jina.

Mimi ni mtu wa vipimo, nikataka kuhakikisha kama ulimi huo umerithiwa kweli au mzee anabahatisha. Nikakiri kwanza: chupa mbili nilizinunua asubuhi ile na kuziweka kwenye barafu, nyingine mbili zilikuwa zimesahaulika kwenye buti ya gari kwa wiki mbili za jua. Kosa langu, si la mpikaji. Joto huharakisha kazi ya oksijeni, harufu ya hopsi hufa, na bia huanza kunuka karatasi. Boksi la biskuti, hasa.

Tukafanya jaribio la pembetatu, ambalo viwanda vya bia hulitumia. Glasi tatu ndogo, mbili zina bia ileile, moja tofauti. Binamu yangu alimimina huku tumempa mgongo, akaweka alama chini ya glasi. Kazi ni kuitaja ile moja. Raundi sita kila mtu. Anayebahatisha atapata wastani wa mbili.

Mimi mwenye fomu nilipata mbili.

Mjomba alipata tano.

Uwezekano wa kupata tano au zaidi kati ya sita kwa kubahatisha ni 13 katika 729, chini ya asilimia 2. Kwa wapenda hesabu: elimu ya kutoa uamuzi kwa sampuli chache kama hizi inamdai sana William Gosset, mtu wa kiwanda cha Guinness kule Dublin, aliyeandika makala yake maarufu mwaka 1908 kwa jina la "Student". Kwa hiyo bia na takwimu ni ndugu wa siku nyingi.

Nilidhani mjomba atajivuna. Hakujivuna. Alisema, "Ulimi unaona boksi, mwihwa. Ulimi hauoni sumu."

Alikuwa anazungumzia Kangai, ambayo nayo iko Kirinyaga hii hii. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa huko baada ya kunywa pombe yenye sumu. Kabla ya hapo, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Na methanoli ina hila hii: kwa harufu na ladha inafanana mno na pombe ya kawaida. Guka mwenyewe asingeitambua. Fomu ya alama 50 haina kisanduku chake.

Ndipo nikaona historia yote ikijipanga. Guka alipika mbele ya watu na kuhukumiwa mbele ya watu. Kisha ikaja sheria iliyosema bia ya chupa si yako, na nyingine zikaibana pombe ya nyumbani hadi ikaingia vichakani. Chang'aa yenyewe ilipigwa marufuku mwaka 1980, na marufuku ile ikaondolewa na sheria ya vileo ya 2010. Kwa miaka 30 hiyo watu hawakuacha kunywa. Walichoacha ni kuuliza nani amepika. Mnywaji alifumba macho, akameza haraka kabla askari hajafika. Tabia hiyo haiishi siku sheria inapobadilika.

Kwa hiyo kuonja pale ale polepole, kuuliza ilipikwa lini na wapi na nani, si madaha ya watu wa Nairobi kama nilivyoogopa mjomba angesema. Ni kuirudisha ile hukumu ya wazi. Ulimi ufanye sehemu yake, na pale ulimi unapoishia, jina la mpikaji na maabara vifanye sehemu yao.

Alama zangu 34 nimezifuta. Mjomba aliipa ile chupa ya barafu hukumu yake mwenyewe: "Chungu kama dawa ya malaria, lakini imepikwa na mtu asiyejificha." Kisha akaniomba nimwachie chupa tupu, aisome lebo tena.

Wiki ijayo hifadhidata, naahidi. Na ukishuka Allsopps, msalimie mzee Samuel.