Cholmondeley: Jina refu, tamko fupi

HEBU litamke jina Cholmondeley. Ukihangaika na kila herufi utachoka bure, maana wenyewe husema Chamli, basi!

Jina hili la ukoo lilianza kama jina la mahali huko Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Linatokana na maneno mawili ya Kiingereza cha kale: Ceolmund, jina la mtu, na leah, yaani mahali palipofyekwa msituni. Karne zilivyopita ndimi zikalimega jina, silabi hii leo, ile kesho. Kalamu ikakataa kata kata kufuata. Lakini si kalamu zote. Sir Roger Cholmeley, aliyeanzisha Shule ya Highgate jijini London mwaka wa 1565, aliliandika kwa ufupi kidogo, na wapo wanaoandika Chumley, jinsi linavyosikika. Kwetu sisi tuliozoea Kiswahili kinachoandikwa kama kinavyotamkwa, hao wa mwisho ndio waungwana.

Utata wa pili unatuhusu Wakenya. Lord Delamere, mlowezi aliyemiliki mashamba makubwa katika Bonde la Ufa hadi alipofariki mwaka wa 1931, aliitwa Hugh Cholmondeley. Delamere si ukoo, ni cheo cha kurithi kilichoanza mwaka wa 1821. Asiyejua hilo, akisoma historia ya ardhi ile, atadhani ni familia mbili. Barabara ya Nairobi nayo ilipewa cheo, Delamere Avenue, kabla ya kuwa Kenyatta Avenue. Jina lenyewe la ukoo halikuwahi kufika kwenye kibao kile.