Rupia za Tabora na Mashimo ya Kolo

Kutafuta dhahabu na sarafu za kale kwa mashine ya mlio ni jambo ambalo huko Uingereza, Marekani na Australia limekuwa mchezo wa siku za mapumziko. Mtu hutoka kwake asubuhi na mashine yake begani, akazunguka makondeni hata jioni, akarejea na vifungo, misumari na pengine sarafu moja iliyoliwa na kutu, naye hajioni kuwa amepoteza siku. Mchezo huo Uingereza umewekewa hata sheria, iliyopitishwa mwaka 1996, impasayo mwokotaji wa hazina kuwapa habari wenye mamlaka. Chombo chenyewe hakina ajabu kubwa. Ni duara la waya mwishoni mwa mpini. Umeme upitao katika waya hupeleka nguvu ya sumaku ardhini, na kitu chochote cha chuma, shaba au dhahabu kilicho karibu huijibu nguvu hiyo, mlio ukasikika. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyokieneza, kwani ofisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, alikiunda kiwe chepesi cha kuchukuliwa na askari mmoja atafutaye mabomu yaliyofukiwa, nacho kikatumika El Alamein mwaka 1942.

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, tangu Mpwapwa na Dodoma hata Kondoa, Manyoni na Iramba, chombo hicho kimefika pia, ila hakikufika kwa mchezo. Wakichukuao ni watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wachimbaji wadogo, watafutao dhahabu iliyolala katika mwamba na mchanga tangu dunia kuumbwa, kama wale wa Londoni katika Manyoni, ambao kazi yao ni duara, karai, karasha na jasho. Wa pili hutafuta dhahabu ambayo, kwa masimulizi, ilifukiwa na Wajerumani walipokuwa wakikimbia vita mwaka 1916. Wa kwanza hujulikana na sheria, hupewa leseni na Tume ya Madini yenye makao yake Dodoma. Wa pili huchimba usiku. Habari za hawa wa pili huchekwa sana na wasomi, na kicheko hicho kimewanyima wasomi jambo la kujifunza, kwa maana masimulizi hayo hayakuzuka hewani. Yana mama na baba.

Mama yake ni Sekenke. Mlima Sekenke, ambao madereva wa malori yaendayo Mwanza waujua kwa kona zake, uko Iramba katika mkoa wa Singida, kando ya bonde la Wembere. Hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani waliona dhahabu katika mishipa ya jiwe jeupe, na tangu mwaka 1909 wakaichimba. Dhahabu ilikwisha kuonekana Geita mwaka 1894, lakini Sekenke ndiyo iliyokuwa machimbo ya kwanza ya haki katika nchi hii. Mitambo ya kusagia mawe ilipelekwa huko barani kabla ya gari moshi kufika Tabora, maana reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Watu wa Iramba na jirani zao waliona kwa macho yao mlima ukitobolewa, jiwe likisagwa kuwa unga, na kitu kidogo mno kikichukuliwa kwa ulinzi mkubwa mno kwenda wasikojua.

Baba yake ni vita. Ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani, na fedha kutoka Berlin haikufika tena. Serikali ya Kijerumani ikachapa noti za muda humu humu nchini, mwaka 1915, nazo hazikupendwa; mtu aliyezoea kuisikia rupia ya fedha ikilia juu ya jiwe hakuridhika na kipande cha karatasi. Ndipo zikapigwa sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Zilipigwa za shaba ya njano, heller 5 na heller 20, na mwaka 1916 ikapigwa ya dhahabu ya Sekenke, rupia 15, iliyokuwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Upande mmoja ina tai wa dola, upande wa pili ina ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na chini yake herufi T ya Tabora. Ni sarafu nzuri kuliko nyingi zilizopigwa Afrika kwa amani na kwa nafasi, na leo wakusanyaji wa sarafu huinunua moja kwa maelfu ya dola. Kwa hiyo mtu wa Manyoni asemaye kwamba Wajerumani walikuwa na dhahabu ya rupia hasemi uongo hata kidogo.

Hesabu ndiyo inayomwacha njiani. Kila sarafu ilikuwa na uzito wa gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ndiyo dhahabu. Nyingine ni mchanganyiko. Sarafu zilizopigwa zilikuwa 16,198. Zikikusanywa zote mahali pamoja, isipungue hata moja, uzito wake ni kilo 116, na dhahabu halisi iliyomo haifiki kilo 90. Mpagazi wa zama zile alichukua mzigo upatao kilo 30. Basi dhahabu yote ya Tabora ilikuwa mizigo ya watu wanne! Nayo haikukaa pamoja, kwa sababu ilipigwa ili itumike. Ililipwa huku na huko, ikaingia mifukoni mwa watu, ikavuka mipaka, na sehemu yake sasa iko katika makabati ya vioo Ulaya na Marekani. Masimulizi ya uwandani, kinyume cha hayo, yataja masanduku na mahandaki, na kila kijiji chenye gofu la boma au mti mkongwe wa Kizungu chataka masanduku yake. Zile heller za shaba ya njano, zilizopigwa nyingi kupita kiasi, huenda zimechangia, maana shaba hiyo ikifutwa udongo hung'aa mkononi kama dhahabu.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba Wajerumani hawakuficha kitu. Julai 1916, walipoona Kigoma haitasimama, walizipaka grisi mashine za meli yao Graf von Götzen, wakaizamisha kwa mikono yao katika Ziwa Tanganyika, kwa nia ya kurudi kuichukua. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Meli nzima ilifichwa, ikapatikana, ikaenda! Kwa mtu aliyesikia habari hiyo njiani mwa reli, sanduku la rupia chini ya mbuyu lilikuwa jambo dogo la kusadikika.

Katika nchi ya Ugogo na Irangi wenyewe, kukimbia kwa Wajerumani kulionekana kwa karibu. Aprili 1916 majeshi ya Afrika Kusini chini ya van Deventer yaliteka Kondoa. Mei, von Lettow-Vorbeck akaja kuwapiga asifaulu. Mwishoni mwa Julai Dodoma ikaanguka, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Walioondoka ni watu waliotawala kwa kiboko na kodi, nao waliondoka kwa haraka, wakivunja madaraja ya reli nyuma yao. Kisha ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Tangu mwaka 1917 hata 1920 mvua ilipungua, lakini mvua peke yake isingeua watu kwa kiasi kile. Majeshi ya pande zote mbili yalikwisha kuchukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wenye nguvu kuwa wapagazi, na ghala zilikuwa tupu kabla mawingu hayajakataa. Yakadiriwa kwamba katika Wagogo 150,000 walikufa 30,000.

Hapo masimulizi ya hazina yageuka kuwa ushahidi wa namna yake. Watu waliochukuliwa mifugo na chakula na waume zao, pasipo daftari wala fidia, waliwarithisha watoto wao habari kwamba mali kubwa ya nchi hii ilikusanywa na wageni, ikafichwa, nayo haijalipwa. Kiini cha habari hiyo ni cha kweli. Umbo lake tu ndilo lililobadilika: ng'ombe na mtama uliokwisha liwa na askari hauwezi kuchimbuliwa, bali dhahabu haiozi, na mtu akipewa tumaini hupenda alitumaini lile lisilooza. Mwanahistoria aandikaye juu ya vita vile akiyatupa masimulizi haya kwa kuwa hayana sanduku mwishoni, atakuwa ametupa mojawapo ya kumbukumbu chache walizoacha waliofiwa.

Lakini kumbukumbu hiyo sasa ina majembe. Milima ya Kondoa, kwa kuwa ilikuwa uwanja wa vita, imedhaniwa kuwa ndiyo kabati la Wajerumani. Na mapango yake, yaliyo ya mawe yaliyoinama kama vipaa, yamedhaniwa kuwa milango. Katika mapango hayo mna michoro ya kale ya watu na wanyama, kwa rangi nyekundu na nyeupe, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 akaitolea kitabu mwaka 1983, na ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 2006. Michoro nayo imesomwa na watafuta hazina kuwa ni alama za kuonyesha njia, kana kwamba twiga aliyechorwa kabla Ujerumani haijawa dola alichorwa na askari wa mwaka 1916. Miongoni mwa madhara yaliyoandikwa juu ya mapango ya Kondoa limo hili la wachimba hazina, na Mungomi wa Kolo, ambako Warangi bado huenda kutambika na kuomba mvua, ni mojawapo ya mahali walipochimba.

Jambo la kushangaza ni kwamba mashine zao wenyewe zawapinga. Mashine ya kawaida haisikii sarafu moja iliyozidi kina cha futi moja hivi, nayo udongo mwekundu wenye chuma, ulio mwingi huko, huidanganya kila mara. Mashimo, walakini, hushuka kupita kimo cha mtu. Mlio ukikoma, mganga husema hazina imeshuka, na jembe humfuata mganga.

Kinachovunjwa hakionekani kwa macho ya haraka. Sakafu ya pango ni tabaka juu ya tabaka, majivu, mifupa na mawe yaliyochongwa, na kila tabaka ni karne zake. Ray Inskeep alipochimba pango la Kisese II mwaka 1956, alishuka polepole akiandika kina cha kila kitu. Na kwa kuwa aliandika, wataalamu wa siku hizi wameweza kupima shanga za ganda la yai la mbuni alizozipata, wakaona kwamba zilianza kutengenezwa zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Shimo la usiku huchanganya tabaka zote kuwa kifusi kimoja, na kifusi hakipimiki.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba mahali kama hapo pasipo kibali, nayo yaweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kitu kilichofanywa na mkono wa mtu kabla ya mwaka huo chahesabiwa miongoni mwa masalio ya kulindwa. Rupia ya ndovu ya mwaka 1916 iko nje ya mpaka huo. Shanga ya Kolo au ya Kisese iko ndani kwa mbali mno; lakini haina chuma wala dhahabu, na mashine ipitishwapo juu yake hukaa kimya, kisha koleo huitupa mteremkoni pamoja na udongo.